Dawa ni ya bure, njia tunailipa kwa vidole: barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga

Lubumbashi, komini ya Katuba

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Haut-Katanga,
kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo,
kwa waheshimiwa wabunge wa jimbo,
na kwa waganga wakuu wa zoni za afya za mji wetu,

Wazee wetu, heshima zenu.

Mimi ni fundi cherehani. Ninashona hapa Katuba kwa zaidi ya miaka 20, barazani kwa nyumba ya kupanga, mashine ya mguu mbele, pasi ya makala pembeni. Watoto mnaowaona asubuhi wakivuka barabara na yunifomu za bluu na nyeupe, nguo za baadhi yao zimepita mikononi mwangu. Niliugua ukoma, nikatibiwa, nikapona. Maneno hayo matatu nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu nimeona watu wakisikia la kwanza hawabaki kulisikiliza la tatu.

Ninalotaka kuwaambia ni jambo moja. Tunaambiwa dawa ya ukoma ni bure, na ni kweli: vidonge vyenyewe sikuvilipia hata franka moja. Lakini kati ya mgonjwa na kidonge hicho cha bure kuna njia, na njia hiyo tunailipa sisi, kwa pesa, kwa miaka, na mwishowe kwa vidole. Njia hiyo iko mikononi mwenu, haiko kwa wanaotengeneza dawa.

Kwangu lilianza baka, nyuma ya mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kubwa kama kifuniko cha chupa. Rangi yake ilipauka kuliko ngozi yangu. Halikuwasha, halikuuma. Kitu kisichouma nani atakipeleka kwa munganga? Mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Muuza dawa wa jirani akaniuzia pomadi ya mba, na ilipokwisha akaniuzia nyingine ya bei kubwa zaidi. Mwingine aliniambia damu yangu ni chafu, nikanywa maji ya mizizi machungu wiki tatu nzima. Kanisani waliniombea. Mabaka yakawa manne, kisha saba, nami nikaendelea kushona. Hivyo miaka miwili ikapita.

Fundi yeyote atawaeleza maumivu ya sindano ya mashine ikikuingia kidoleni. Siku moja nilikuwa nashona shati jeupe la mtoto wa komunyo, nikaona tone jekundu kwenye kola. Nikatafuta lilikotoka. Sindano ilikuwa imenichoma kidole kidogo cha kushoto, na mimi sikusikia kitu. Miezi michache baadaye ikawa zamu ya pasi: nilisikia harufu ya nyama kabla sijasikia moto. Wakati huo kidole hicho na jirani yake vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, kama vya mtu aliyeficha sarafu.

Aliyeutambua ugonjwa wangu hakuwa daktari mkubwa. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu mwenye malaria kwenye kituo kidogo cha afya. Mtoto alipokwisha kupewa dawa, munganga kijana (kwetu hata muuguzi tunamwita munganga) akaniomba nikunje mkono wa shati. Alichukua pamba, akaisokota hadi ikawa kama uzi, akaniambia: "Baba, funga macho. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole." Nikaonyesha shavu, nikaonyesha shingo, nikaonyesha mkono wa kuume. Kisha kimya. Nikamwambia, endelea basi. Akajibu: "Baba, nimeshakugusa mara tano." Halafu akapapasa kiwiko changu na kuukuta mshipa wa fahamu umevimba, mnene kama kamba ya katani.

Dakika tano, na pamba ambayo bei yake haifiki ya andazi moja. Kabla ya siku ile nilikuwa nimepita vituo viwili na maduka ya dawa kama manne, na hakuna aliyeshika pamba. Siwataji, maana kosa si lao peke yao. Mtu atautafutaje ugonjwa aliofundishwa kwamba umekwisha?

Na nani alisema umekwisha? Hapa, wazee wetu, naomba tukae kidogo.

Mwaka 1991 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikubaliana kuuondoa ukoma kama tatizo la afya ya jamii. Maana yake ilikuwa hii: wagonjwa wasifike mmoja kwa kila watu 10,000. Dunia kwa jumla ilitangazwa kufika hapo mwaka 2000, na Kongo yetu mwaka 2007. Katika Kifaransa cha ofisini maneno hayo yana mkia mrefu unaoeleza kiwango na masharti. Katika Kiswahili cha sokoni mkia ulikatika, tukabaki na "ukoma umeondolewa". Mkia ulipokatika, na macho yakaondoka.

Hesabu yenyewe iangalieni jinsi inavyofanywa. Anayehesabiwa ni yule aliyeandikwa daftarini na anayekunywa dawa. Akimaliza, anafutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tiba ya wenye mabaka mengi ilifupishwa kutoka miezi 24 hadi 12. Ilikuwa habari njema kwa mgonjwa, lakini tazameni daftari: mtu ambaye angehesabiwa miaka miwili akahesabiwa mmoja, na idadi ikashuka hata pale ambapo hakuna aliyepungua katika kuambukizwa. Mimi mwenyewe nilikuwa tarakimu kwa miezi 12. Leo vidole vyangu viwili bado vimejikunja, lakini daftarini simo.

Wakati huo huo, mwaka 2023 peke yake, wagonjwa wapya 182,815 waliandikwa duniani, India, Brazil na Indonesia zikitangulia. Kongo iko kati ya nchi za Afrika zinazoandika wengi zaidi, maelfu kila mwaka. Iliyokuwa Katanga, kabla haijakatwa vipande vinne mwaka 2015, ilikuwa kati ya sehemu za nchi zilizosumbuliwa zaidi, hasa huko kaskazini ambako leo ni jimbo la Tanganyika. Najua mtanijibu kwamba Tanganyika si jimbo lenu. Mpaka huo ni wa wino. Watu wanashuka kutoka Kongolo, Kabalo na Manono, wengine wamekimbia vita, wengine wanatafuta kazi, wanapanga chumba katika komini za mji huu: Ruashi, Kampemba, Kenya au hapa kwetu Katuba. Simnyoshei kidole mtu wa kaskazini. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini na ukoma ulinikuta barazani kwangu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekatiza dawa kwa sababu ya risasi anahitaji kituo cha kumpokea anapoteremka kwenye gari moshi, bila kumtaka kwanza karatasi ya kule alikokimbia.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka, na hiyo ndiyo hila yake. Kijidudu chake, alichokigundua Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hujigawa mara moja tu katika wiki mbili hivi. Tangu kikuingie hadi baka lionekane hupita miaka mitano kwa wastani, na huweza kupita 20. Hutoka puani na mdomoni kwa mtu ambaye hajatibiwa, kumwendea yule anayekaa naye karibu kwa muda mrefu. Na wengi wa wanaokaa naye hawaugui kamwe, kwa kuwa miili ya watu walio wengi sana hukishinda yenyewe. Kushikana mikono hakuambukizi, wala kula bukari sahani moja, wala kukaa benchi moja kanisani. Mtu akianza dawa, haupiti muda hawezi tena kumwambukiza mwingine. Nimeishi na mke wangu miaka yote hiyo na yeye hana hata baka.

Tiba ya dawa tatu pamoja ilianza kupendekezwa mwaka 1981, na tangu 1995 inagawanywa bila malipo duniani kote. Mwenye mabaka matano au pungufu hunywa miezi sita. Mwenye zaidi, kama mimi, miezi 12. Kila plaketi, ile pakiti ya vidonge, ni ya siku 28. Dozi kubwa ya kwanza unameza mbele ya munganga, zilizobaki unameza nyumbani kila siku. Kwa ugonjwa uliowafukuza watu vijijini tangu zamani za mababu, plaketi 12 si kitu.

Ila plaketi 12 ni safari 12. Kituo kilichokuwa na dawa hakikuwa kile cha jirani. Ilinibidi nichukue taksi na halafu moto, yaani pikipiki. Mara ya kwanza nililipa fishi, ile karatasi ya mgonjwa. Mara mbili nilikuta dawa haijafika, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na fundi asiyeshona siku hiyo watoto wake hawali. Jumlisheni nauli, fishi na siku zilizopotea, mtaona kwa nini jirani yangu mmoja, mama anayeuza makala, aliishia plaketi ya nne. Hakuwa mzembe. Alipiga hesabu.

Kuna na jambo dogo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Moja ya dawa hizo hugeuza ngozi kuwa nyeusi yenye wekundu. Katika mji ambao nusu ya duka la vipodozi ni losheni za kujichubua, mimi nikawa nazidi kuiva kila mwezi. Mteja mmoja akanitania: "Fundi, umekosea chupa?" Nilicheka naye. Ila mwingine hakucheka, akachukua kitambaa chake kabla sijakikata. Rangi hurudi polepole baada ya tiba, mteja hakurudi.

Jambo kubwa zaidi lilinipata mwezi wa tano wa dawa. Mabaka yalivimba, yakawa mekundu, kiwiko kikaniuma usiku kucha, na mkono ukaanza kulegea. Kwenye zahanati moja niliambiwa: vidonge hivyo vinakuua, viache. Kama ningetii, leo nisingekuwa nashona. Munganga yule kijana alinieleza kwamba huo ni mwili wenyewe unaopigana na vijidudu, hata vile vilivyokufa, na vita vinapiganiwa ndani ya mshipa wa fahamu. Dawa za ukoma zisisimamishwe hata siku moja, na prednizoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, iongezwe upesi ili mshipa usife. Prednizoloni hiyo niliinunua dukani kwa pesa yangu, wiki baada ya wiki, na niliinunua kwa kuchelewa. Vidole vyangu viwili viliishia hapo. Wanaoiita tiba ya bure wanahesabu kinachomuua mdudu. Kinachookoa mkono hawakihesabu.

Sasa naomba, na sitaomba mambo ya mbinguni.

Kabla ya kitu kingine, pamba. Kila munganga mkuu wa kituo cha afya, kila mtaa, afundishwe jaribio lile la pamba na kupapasa kiwiko, goti na kifundo cha mguu, na alifanye kwa kila mtu mwenye baka lisilowasha, hata kama amekuja kwa kikohozi. Mareko wetu, wale wahamasishaji wa afya wa mtaa, tayari wanapita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Wao si waganga, lakini macho wanayo. Wafundishwe kuuliza swali moja: je, nyumbani humu kuna mtu mwenye baka asilolisikia? Na shuleni pia, kwa maana mtoto akipatikana na ukoma ujue karibu naye yuko mtu mzima ambaye bado hajatibiwa.

Dawa ziwe kwenye kituo cha mtaa, pamoja na prednizoloni, bila fishi ya kulipia. Anayesafiri kwenda shambani au kwenye machimbo apewe plaketi za kumtosha, asilazimishwe kuchagua kati ya kazi na mkono wake. Fundi wa viatu anayejua kushona sandali laini yenye kisigino cha kufunga yupo katika kila soko la mji huu; mpeni ngozi na mpira mzuri, na mtu asiyesikia jiwe kiatuni hatafika kwenye kidonda cha miaka saba. Katika haya yote hakuna linalodai mashine kutoka Ulaya.

Halafu familia. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri wanaoishi na mgonjwa wakaguliwe, na wanaofaa wapewe dozi moja tu ya rifampisini, moja ya dawa za ukoma, ambayo imeonyeshwa kupunguza hatari yao kwa zaidi ya nusu katika miaka miwili ya mwanzo. Kwangu hakuja mtu. Mke na watoto niliwabeba mwenyewe kwenda kukaguliwa. Lakini mtakapokuja, tafadhali, msije na gari lenye maandishi makubwa ubavuni likasimama mbele ya mlango. Njooni kwa miguu, mkague avenyu nzima kwa magonjwa yote ya ngozi, upele, mba, kila kitu, ili asijulikane aliyewaleta. Siku gari la namna hiyo liliposimama kwa mama yule wa makala, jioni mwenye nyumba alimrudishia dhamana yake ya kodi ili ahame.

Hapo mnaona kwamba aibu nayo ni sehemu ya njia. Mtu anayejua kwamba baka litamfukuzisha nyumbani atalificha, na akilificha atatibiwa amechelewa, na akichelewa atalemaa, na watu wakimwona amelemaa watazidi kuogopa. Katiba yetu ya 2006 inahakikisha haki ya afya katika kifungu cha 47. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2010 azimio la kukomesha ubaguzi dhidi ya walioguswa na ukoma na familia zao. Sijawahi kuona hata moja ya karatasi hizo imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya komini. Ingebandikwa, kwa Kiswahili, labda mwenye nyumba angeisoma, au mama wa makala angemwonyesha.

Na neno "mkoma" liondoeni kinywani mwenu ninyi wa kwanza, kwenye redio na kwenye karatasi. Mwenye malaria hatumwiti "mmalaria".

Kwa wachungaji wetu nina neno pia, ingawa barua hii si yao. Wengi huhubiri ukoma kama dhambi, wakinukuu Walawi 13. Wasome mpaka mwisho wa sura: inasema pigo hilo hilo huingia kwenye nguo, na sura ya 14 inasema huingia kwenye kuta za nyumba. Mimi ni mtu wa nguo. Nimeona nguo yenye ukungu, sijaona nguo yenye ukoma. Kilichoandikwa pale ni kitu kipana kuliko ugonjwa wangu. Naamani, yule mwenye ukoma katika Biblia, aliambiwa ajichovye mara saba katika Yordani, na wengi wanataka nasi tupone hivyo. Basi mjue kwamba Septemba 2024 nchi iliyopewa jina la mto huo, Yordani, ikawa ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeumaliza ukoma, baada ya zaidi ya miaka 20 bila mgonjwa aliyeambukizwa humo nchini. Huko hawakutumia maji ya mto. Waliwatafuta watu, wakawatibu, wakaendelea kutafuta hata walipokuwa hawawapati tena.

Hilo la mwisho ndilo tuliloliacha sisi baada ya 2007.

Kila Jumapili ya mwisho ya Januari ni siku ya ukoma duniani, iliyoanzishwa na Mfaransa Raoul Follereau mwaka 1954. Huwa tunapewa sabuni, chumvi, na tisheti ambazo, nasema kwa uchungu wa ufundi wangu, hazikushonwa Lubumbashi. Januari ijayo tupeni namba badala ya sabuni. Simameni mtuambie kwa kila zoni ya afya ya mji: mwaka huu tumepata wapya wangapi, watoto ni wangapi, na wangapi walifika wakiwa tayari wamelemaa mkono, mguu au jicho. Hiyo namba ya tatu ndiyo naitaka zaidi. Inawapima ninyi, haimpimi mgonjwa. Mkono uliojikunja kabla ya plaketi ya kwanza maana yake ni kwamba mahali fulani mtu hakushika pamba. Ikiwa kubwa msiogope kuitaja. Mwaka wa kwanza mkianza kutafuta kweli, idadi ya wagonjwa itapanda, na tutajua mnafanya kazi.

Jina langu sikulitia. Binti yangu mdogo ameposwa. Wakwe wamekuja mara moja, wameleta sehemu ya mali, wanarudi Agosti kumalizia. Gauni la arusi nashona mwenyewe, na nimejifunza kushika kitambaa kwa vidole vitatu. Waliuliza mkono wangu una nini, nikawajibu ni pasi. Si uongo mtupu.

Fundi cherehani, Katuba